UZI: Sarafu ndogo ipambane na mashine maalumu za kuchimba, au iziache? Nimebadili msimamo, tujadili kabla ya kura

#1 Fundi wa Chikongola

Wakuu, salaam kutoka Mtwara mjini. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Baadhi yetu humu tunachimba sarafu moja ndogo ya kidijitali, ya jamii ya Bitcoin. Siitaji jina, sitaki uzi ugeuke tangazo la biashara. Tangu ianze ilijinadi kwamba kompyuta ya kawaida inatosha, na hicho ndicho kilichonivuta. Nina kompyuta sita za mezani nilizozipata kwa bei ya kutupa kafe moja ya intaneti ilipofunga. Nimezipanga chumba cha nyuma cha kibanda changu cha ufundi, feni mbili, dirisha wazi, na kila mwezi nazifungua kuzipangusa maana upepo wa bahari ya hapa unakula chuma. Utajiri sijauona. Miezi mingi zinarudisha hela ya Luku na kubakiza kidogo.

Wiki tatu sasa nguvu ya mtandao wetu, yaani kasi ya kuchimba ya mashine zote zikijumlishwa, imepanda karibu mara nne, ilhali bei haijasogea. Wazoefu mnajua kinachonukia hapo: kuna mtu ameingiza mashine maalumu. Timu imetangaza kura. Tubadili algorithimu, yaani aina ya hesabu ya kuchimbia, ili mashine hizo zife, au tuziache zichimbe?

Swali hili lilipokuja mara ya kwanza nilikuwa mbele kabisa kudai tubadili, na tukabadili. Safari hii nitapiga kura ya hapana, na upande wangu ukishinda, kompyuta zangu sita ndizo zitakazozimwa. Naomba nieleze nimefikaje hapa.

Kwa wageni wa mada: kuchimba ni kubahatisha namba. Mtandao unatoa fumbo, kompyuta zote zinajaribu namba moja baada ya nyingine, na wa kwanza kupata inayokubalika anaandika bloku mpya kwenye daftari la wote na kulipwa kwa sarafu mpya. Anayeshinda ni mwenye majaribio mengi, basi. Na mtu akiwa na majaribio mengi kuliko wengine wote wakijumlishwa, anaweza kufuta bloku za karibuni na kuandika zake. Wizi unapitia hapo.

Bitcoin ilipoanza Januari 2009 kompyuta ya nyumbani ilitosha. Mwaka 2010 watu wakahamia kadi za picha, zile za michezo ya kompyuta. Mwanzoni mwa 2013 zikaja mashine za ASIC, yaani chipu iliyochongwa kwa hesabu moja tu. Nje ya hesabu hiyo haifungui hata barua pepe. Mojawapo, Antminer S9 ya mwaka 2016, ilikuwa inafanya majaribio trilioni 13 na ushee kwa sekunde. Kompyuta kama hizi zangu, kwa hesabu ileile, zinahesabiwa kwa mamilioni. Sarafu ya Litecoin ya Oktoba 2011 ilichagua scrypt, hesabu inayokula memori, na wengi wakaamini chipu maalumu haitawezekana. Mwaka 2014 mashine za scrypt zikawa sokoni. Kwa hiyo ni hadithi ya zamani, na mimi nilikuwa naisoma upande mmoja tu: tajiri mwenye kiwanda anatunyang'anya wadogo.

Kilichonigeuza ni laptopu. Kulikuwa na sarafu nyingine ndogo, ya kadi za picha, niliyokuwa nikiipokea kama malipo. Mteja niliyempata kwenye kundi la Telegram akanunua laptopu iliyotumika kwa thamani ya laki tatu na nusu. Akatuma sarafu usiku, nikasubiri bloku 10 ziandikwe juu ya muamala wake kama ilivyokuwa desturi yetu, alfajiri nikaupakia mzigo kwenye basi la Masasi. Jioni nafungua pochi yangu ya sarafu, muamala haupo. Kuchelewa ningeelewa. Huu ulikuwa kama haujawahi kuandikwa. Kuna mtu alikuwa amekodi nguvu mtandaoni, akachimba mnyororo wake wa bloku pembeni kimyakimya mpaka ukaupita wetu kwa urefu, kisha akauachia, na mtandao mzima ukaufuata kwa sababu kanuni ndiyo inavyosema. Laptopu ilishapokelewa Masasi, simu ya mteja imezimwa. Ule ulikuwa mtaji wangu wa vipuri wa miezi miwili.

Nilipoanza kutafuta nini kilinipata nilitegemea kukuta mashine ya ASIC. Nikakuta kadi za picha za kukodi kwa saa.

Nikarudi nyuma kusoma. Sarafu ya Bitcoin Gold ilizaliwa Oktoba 2017 kwa lengo hasa la kuzikimbia ASIC, irudishe uchimbaji kwa wenye kadi za picha. Mei 2018 ikavamiwa, zikaibwa sarafu zaidi ya 388,000, kama dola milioni 18 kwa bei ya wakati huo. Vertcoin, ambayo kuzipinga ASIC ndiyo ilikuwa bendera yake, ilivamiwa mfululizo mwishoni mwa 2018, na tena Desemba 2019 bloku 603 zikafutwa kwa mpigo mmoja. Ethereum Classic, Agosti 2020, ilipigwa mara tatu ndani ya mwezi. Wote hao walikuwa wanachimbwa kwa vifaa vya kawaida, au vya kukodishika, na hapo ndipo nilipoanza kuona.

Sisi wa kusini tunaijua tofauti ya mashine ya kubangulia korosho na lori la Canter. Aliyefunga mashine ya kubangua hawezi kuitumia kwa ufuta wala mbaazi. Korosho ikifa, ile mashine ni chuma chakavu, kwa hiyo apende asipende ataiombea korosho mema. Canter leo inabeba korosho, kesho ufuta wa Lindi, keshokutwa saruji. Mwenye Canter akikodiwa usiku mmoja na wa kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa magendo, kubeba mzigo wa wizi, asubuhi ameshalipwa na yuko barabara nyingine. Sarafu ndogo inayosisitiza kompyuta za kawaida imejikabidhi kwa Canter. Dunia imejaa Canter, na sisi ni shamba dogo.

Hoja yangu yote iko hapo. Nipingeni.

#2 Mwana Nachingwea

Pole sana kwa laptopu, mkuu. Lakini nakupinga, na nitaanza na mfano wako huohuo.

Umezisifia mashine za kubangulia. Serikali ilijenga viwanda 12 vya korosho miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, mashine kutoka Italia na Japani. Uzalishaji ukaporomoka, vingi vikafungwa, majengo mengine yakaishia kuwa maghala. Wakulima waliobaki wakibangua nyumbani kwa mikono ndio walioendelea kula korosho zao. Mashine ya kazi moja inamfunga mwenye nayo, sawa. Na sisi tulio chini yake inatufunga pia.

Halafu nani anatengeneza ASIC? Kampuni chache mno. Anayetengeneza ana uwezo wa kuchimba nazo kwanza mwenyewe, ndipo akuuzie zikishachoka. Hili halikutokea kwenye hadithi tu. Machi 2018 Bitmain, watengenezaji wa ASIC, walitangaza mashine ya Antminer X3 kwa ajili ya sarafu ya Monero. Aprili 6 Monero wakabadili kanuni, na sehemu kubwa ya nguvu ya mtandao ikatoweka papo hapo. Zilikuwa mashine zinazochimba gizani kabla wewe na mimi hatujasikia kuwa zipo. Wakabadili tena Oktoba 2018, tena Machi 2019, na Machi hiyo pia nguvu ilianguka vibaya. Kila wakigeuka wanakuta mtu ameshaingia.

Mwishoni wakaweka algorithimu ya RandomX, Novemba 30, 2019. Hii inaitaka mashine iendeshe programu zinazotungwa ovyoovyo papo hapo, kazi ambayo prosesa ya kawaida, ile chipu kuu ya kompyuta, imeumbwa kuifanya, kwa hiyo ukichonga chipu ya kuiweza unajikuta umechonga prosesa. Mwaka 2023 Bitmain walitoa Antminer X5 ya RandomX, na kwa kila wati inayokula haikuiacha mbali prosesa nzuri ya dukani. Upinzani unawezekana, mkuu. Ulikosa algorithimu nzuri tu.

#3 Mwalimu Lindi

Nafundisha kompyuta sekondari huku Lindi, na mimi ndiye niliyeleta wengine humu kwenye sarafu hii, kwa hiyo naona nina deni la kusema.

Sikuichagua kwa ajili ya faida. Niliichagua kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukaa mbele ya kompyuta ya maabara yetu, akaiendesha, akaona bloku inaandikwa, akauliza kwa nini yeye hajashinda. Nilishawahi kufundisha mada ya usalama wa taarifa ubaoni kwa chaki na wakasinzia. Siku walipoona kompyuta yao wenyewe imepata bloku moja darasa lilisimama. Ukiruhusu mashine za kiwandani, watoto wale hawatapata bloku tena mpaka wamalize shule. Watasoma kuhusu uchimbaji kama wanavyosoma kuhusu theluji.

Kaka Fundi, nakuheshimu sana, lakini umezungumzia wizi na hujazungumzia ni nani anayepata sarafu mpya. Zikienda zote kwa mtu mmoja mwenye ghala la mashine nje ya nchi, tutakuwa tunalilinda daftari la nani?

#4 Karani wa Msimu

Naongeza upande ambao hamjautaja.

Nilikuwa karani wa chama cha msingi kimoja cha wakulima, msimu wa korosho, malipo yanaingizwa kwenye kompyuta moja tu. Ikaanza kuwa nzito. Ukifungua orodha ya wakulima inachukua dakika nzima, feni inalia kama inataka kuruka. Wakulima wako nje wanasubiri stakabadhi, wengine wametoka vijijini tangu alfajiri, na mimi ndiye ninayeonekana mzembe. Siku tano. Tulipoita kijana akaichunguza, kulikuwa na programu imejificha ndani inachimba Monero kwa ajili ya mtu tusiyemjua.

Hiyo ndiyo sura nyingine ya sarafu inayopenda kompyuta za kawaida. Inazipenda pia zile za kuiba. Kuanzia Septemba 2017 mpaka ilipofungwa Machi 2019 kulikuwa na huduma ya Coinhive, unafungua ukurasa wa tovuti na prosesa yako inachimba bila wewe kujua. Hakuna anayeiba kompyuta ya karani ili achimbe Bitcoin, haitampa kitu. Walichimba Monero kwetu kwa sababu RandomX na zilizoitangulia zinafanya kompyuta ya ofisi iwe na thamani kwa mwizi.

Sisemi tuache. Nasema kwenye kura hiyo hesabuni na foleni ile ya wakulima.

#5 Mtaa wa Pili Shangani

Naweka hesabu ya umeme tu. Kwa shilingi 356 uniti moja, tuseme kompyuta za Fundi zinakula wati 90 kila moja. Sita ni wati 540, kwa siku uniti 13 kasoro kidogo, karibu shilingi 4,600. ASIC moja ya Bitcoin, Antminer S19, inakula wati 3,250 usiku na mchana, uniti 78, zaidi ya shilingi 27,700 kwa siku. Ni kama kuwasha pasi tatu na usizizime mwaka mzima, kwenye nyumba ambayo nyaya zake zilitandazwa kwa ajili ya taa na televisheni. Joto letu la Desemba mnalijua. Na umeme ukikatika saa sita, mwenye mashine ya bei hiyo analia zaidi kuliko mwenye kompyuta ya kafe.

Kwa hiyo wakishinda wa ASIC, wachimbaji wa Mtwara na Lindi watabaki watazamaji. Nimeona hilo lisemwe wazi.

#6 Fundi wa Chikongola

Asanteni. Nimesoma kila mmoja mara mbili.

Mtaa wa Pili, hesabu yako ni sahihi na ndiyo maana nilianza kwa kusema kompyuta zangu zitazimwa. Sijifichi.

Mwana Nachingwea, RandomX ni kazi nzuri kweli, nilikuwa naikwepa. Lakini Monero ni kubwa. Ina maelfu ya watu wanaoichimba kwa imani, na hata hivyo angalia Agosti 2025: kundi la Qubic liliwalipa watu zaidi ili waelekeze prosesa zao kwake, likajikusanyia nguvu nyingi mpaka likaweza kufuta bloku sita za mnyororo wa Monero. Hakuna kiwanda kilichohusika. Zilikuwa kompyuta za watu wa kawaida, zilizohamishwa kwa ahadi ya malipo mazuri zaidi. Kama Canter zinaweza kukusanywa zikaitikisa Monero, sisi wenye nguvu ya kompyuta mia chache tutasimama na nini? Ukiweka RandomX kwetu, kila mchimbaji wa Monero duniani atakuwa na funguo ya mlango wetu. Siku akichoka, akijaribu bahati, anatuzidi nguvu kwa hela ya chakula cha mchana.

Kumbuka pia Septemba 2022. Ethereum iliacha uchimbaji tarehe 15, na mamilioni ya kadi za picha zikabaki bila kazi kwa siku moja. Zilienda wapi? Zilimwagika kwenye sarafu ndogo. Hali kama ile inaweza kurudi wakati wowote, na hatuna mkono ndani yake.

Halafu hili la kubadili kila mara. Tulipobadili mara ya kwanza nilifurahi. Baadaye nikajiuliza, ni watu wangapi waliijua algorithimu mpya kabla ya sisi? Watatu walioiandika. Wiki mbili kabla ya tarehe walikuwa tayari wameshaijaribu kwenye mashine zao. Nawaamini, ni watu wema, lakini tumewapa kalamu ya kuamua nani achimbe na nani afe, kila baada ya miezi kadhaa. Watu wa sarafu ya Sia, Oktoba 2018, walibadili kanuni, ASIC za kampuni za Bitmain na Innosilicon zikafa, zikabaki zile za Obelisk, kampuni iliyotokana na waanzilishi haohao. Huenda walikuwa na sababu nzuri. Ila ukishazoea kubadili, hakuna anayeweza kukuonyesha ni wapi ulinzi unaishia na upendeleo unaanzia.

Dada Mwalimu, wewe nimekuachia mwisho kwa sababu sina jibu la kukutosha. Daftari tunalilinda kwa ajili ya anayepokea malipo, si anayechimba. Wanafunzi wako siku moja watauza kitu na kulipwa kwa sarafu hii. Nataka siku hiyo isiwe kama ya basi langu la Masasi.

#7 Mwana Nachingwea

Hoja ya Qubic nimeipokea, mkuu. Lakini nakurudishia swali lako.

Unasema mwenye mashine ya kubangua ataiombea korosho mema. Hiyo ni kweli tu kama korosho ni yako peke yako. Je, kama mashine zilezile zinabangua kwenye kiwanda kikubwa cha jirani? Sarafu ndogo ya Feathercoin ilikuwa inatumia scrypt kama Litecoin, Juni 2013 ikavamiwa. Bitcoin SV inatumia hesabu ileile ya Bitcoin, SHA-256, mashine ni ASIC tupu hakuna kompyuta ya kafe hata moja, na Agosti 2021 ilivamiwa. Mwenye mashine za Bitcoin anachepusha sehemu ndogo tu ya alizonazo, anakumaliza, anarudi kazini kwake. ASIC nayo imekuwa Canter.

Kwa hiyo hapana yako ina maana tu kama sisi ndio wakubwa kuliko wote kwenye algorithimu yetu. Ndivyo tulivyo?

#8 Fundi wa Chikongola

Umenibana mahali panapostahili. Nimekaa na swali hili tangu jana usiku kabla ya kuandika.

Kwa sasa ndiyo, algorithimu yetu haitumiki na sarafu nyingine yenye nguvu kutuzidi. Nimepitia zote nilizoweza. Kwa hiyo huyo aliyeleta mashine, kama kweli ni mashine, ameleta chuma kisicho na kwenda kwingine. Ametumia pesa nyingi kwetu kuliko sisi wote humu. Simpendi, lakini akituua anajiua.

Ila umenifanya nione kwamba hilo linasimama leo tu. Kesho sarafu kubwa ikichukua algorithimu hii, tumerudi kwenye Canter.

Njia nyingine ninayoifikiria ni kuchimbwa pamoja na sarafu kubwa. Sarafu ya Namecoin ilianza kufanya hivyo na Bitcoin mwaka 2011. Dogecoin mwaka 2014 nguvu yake ilikuwa inashuka kila zawadi ya bloku ilipopunguzwa, watu wakaogopa itavamiwa, wakaiunganisha na Litecoin. Mchimbaji anafanya kazi ileile moja, hesabu yake inapelekwa kwenye madaftari mawili, analipwa kotekote. Dogecoin ikapata nguvu ya mashine nyingi za scrypt bila kuzinunua. Ingekuwa ngumu kuamini kwamba sarafu iliyoanzishwa kama mzaha ingesimama miaka yote hii, na nadhani uamuzi ule ndio ulioibeba.

#9 Karani wa Msimu

Naomba nisaidiwe hapo. Kama mchimbaji mkubwa anatuchimba bila gharama ya ziada, si anaweza pia kutushambulia bila gharama ya ziada?

#10 Fundi wa Chikongola

Ndiyo. Na imewahi kutokea. Sarafu ya Coiledcoin, Januari 2012, ilikuwa changa, inachimbwa pamoja na Bitcoin, na kundi moja tu la wachimbaji wa Bitcoin liliamua kuiua na likaiua. Mwendeshaji wake hakupoteza chochote.

Dogecoin ilipona kwa sababu ilikuwa na watu na bei, makundi mengi ya Litecoin yalijiunga mapema. Sisi wakijiunga wawili watatu tu, tutakuwa mikononi mwao. Swali zuri sana hilo, limenipunguzia uhakika niliokuja nao.

#11 Mwalimu Lindi

Kaka Fundi, nimekuwa nikifikiri badala ya kubishana.

Sarafu ya Grin ilipoanza Januari 2019 iliweka hesabu mbili pamoja. Moja ya kadi za picha, iliyotengenezwa izipinge ASIC, ikapewa asilimia 90 ya bloku. Nyingine ilizikaribisha ASIC, asilimia 10. Na karibu kila wiki ile ya kwanza inapungua kidogo, mpaka miaka miwili ikiisha inabaki sifuri. Kila mtu alijua tangu siku ya kwanza. Wadogo wakapewa muda wa kupata sarafu, wenye viwanda wakapewa tarehe.

Kwa nini kura yetu ina ndiyo na hapana tu? Tuombe chaguo la tatu. Sehemu ya bloku ibaki ya kompyuta za kawaida kwa muda unaojulikana, ikipungua. Darasa langu la sasa litamaliza kidato cha nne kabla haijafika sifuri. Sitadanganya, nafanya hesabu kwa kuwafikiria wao.

#12 Mwana Nachingwea

Hili naliunga mkono. Na sharti liandikwe kwamba algorithimu haibadilishwi tena katikati, ili wale watatu nao wafungwe mikono.

Fundi, Grin yenyewe mwishoni mwa 2020 kuna kundi lilipata zaidi ya nusu ya nguvu yake, kwa hiyo si dawa kamili. Nasema mapema asije mtu akatuambia tulificha.

#13 Fundi wa Chikongola

Nimekubali. Hapana yangu ninaibadilisha. Nimeandika pendekezo la chaguo la tatu usiku huu na kulituma kwa timu: hesabu mbili, ya kompyuta za kawaida ianze na nusu ya bloku na ishuke kidogo kidogo kwa miezi 24, bila mabadiliko mengine katikati. Nimeomba pia waongee na makundi ya wachimbaji kuhusu kuchimbwa pamoja, lakini wasifanye hivyo mpaka wapate angalau makundi sita yasiyo na mwenyewe mmoja. Karani, hiyo namba ni kwa ajili ya swali lako.

Mwana Nachingwea, nilikuja humu na jibu moja la aina ya mashine, na sasa naona nilichopaswa kuuliza ni hiki: kwa usiku mmoja, inagharimu kiasi gani kukodi nguvu kuliko yetu? Nimeuliza timu waiweke namba hiyo kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti, isasishwe kila siku, hata ikiwa ya aibu. Anayepokea malipo aione kabla hajatoa mzigo.

Dada Mwalimu, kompyuta zangu mbili kati ya sita zina ram nzuri. Pendekezo likipita au lisipopita, nitazipakia basi la Lindi wiki ijayo, niambie zishukie stendi gani. Sitaki malipo.

#14 Mtaa wa Pili Shangani

Fundi, wakati tunasubiri kura, wewe unapokea malipo unasubiri bloku ngapi sasa hivi?

#15 Fundi wa Chikongola

Kwa kitu cha elfu ishirini, kama chaja au flashi, nasubiri 60. Kuanzia laki moja, nasubiri 400, yaani usiku mzima na asubuhi yake, na mzigo unabaki kwenye kabati lenye kufuli mpaka nizione zote. Mteja asiyeweza kungoja namwomba alipe kwa simu.